Aliyewafungulia Siafu Lango

Lango la ngome yetu lilifunguka bila kuguswa.

Halikuvunjwa. Halikuchomwa moto. Hakuna adui aliyelirushia hata jiwe. Lilifunguka taratibu, kwa adabu kabisa, kama mtu anayempokea mgeni aliyemwalika mwenyewe. Adui wote wakamiminika ndani.

Mpaka leo nikikumbuka napata joto la masikio.

Na wewe unayetaka kuniandikia hapo chini "dada, si ni mchezo tu", ngoja kwanza. Soma hadi mwisho. Halafu uje unieleze vizuri mchezo ulikuwa upi.

Mimi ni fundi cherehani. Nashona sare za shule na mapazia, na nina mdomo, sikatai. Kaka yangu ni fundi wa kuchomelea, anatengeneza mageti na madirisha ya vyuma. Karakana yake iko mbele ya nyumba, cherehani yangu iko barazani, na mama yetu yuko chumba cha koridoni. Nyonga yake ilivunjika, ikaunga vibaya, sasa hatoki bila kubebwa.

Sebuleni kuna kompyuta mbili kuukuu zimepeana mgongo. Hapo ndipo tulipopigana vita vyetu.

Mchezo wenyewe waliutengeneza Wakorea zamani, enzi za kompyuta za kichogo, ingawa siku hizi unachezeka hata kwenye simu. Hauna huruma hata chembe. Unaua ngiri yuleyule mpaka mkono unakufa ganzi ndipo upande ngazi moja. Ukifa, unashuka. Ukifa vibaya, unadondosha hata ngao uliyoshika, na anayepita anaiokota huku anacheka.

Mle ndani huwezi kuishi peke yako. Watu wanajiunga kwenye vikundi, na sisi wa lugha hii tuliviita koo. Kila ukoo una nembo yake, mkuu wake, naibu wake. Koo zinapigania ngome. Ukiishika ngome, mji wote ni wako na kila mtu anakuamkia.

Ukoo wetu uliitwa Nyundo. Mkuu alikuwa kaka, mle ndani akiitwa Jemedari. Naibu wake mimi, Sindano. Wengine hatukujuana sura. Tulijuana kwa majina ya mchezoni na kwa matusi ambayo kila mtu anayapendelea.

Sasa kuna jambo la nyumbani lazima niliseme, maana bila hilo hamtanielewa.

Kaka ana mtoto wa kiume, mmoja tu, kijana mkubwa. Alikuwa akifanya kazi naye karakanani. Siku moja mteja alikuja kuchukua geti, tena geti zito, la nyumba ya watu wenye nafasi. Kijana akasema palepale mbele ya mteja, "Baba, bawaba hizi ni dhaifu kwa uzito huu. Tubadilishe kwanza."

Basi.

Mteja akaondoka bila geti. Kaka akamgeukia mwanawe na miwani ya kuchomelea ikiwa bado kwenye paji la uso.

"Umenivua nguo mbele za watu. Toka. Na usirudi mpaka nikuite."

Kijana akatoka. Kaka akabadilisha kufuli la geti la nyumbani, na hakuwahi kumwita.

Aliyeumia kuliko wote ni mama. Yule mjukuu ndiye aliyekuwa akimbeba kila asubuhi na kumweka nje apate jua. Alijua namna ya kumshika bila kumtonesha. Kaka ana mikono ya chuma, akimbeba mama anapiga ukelele mtaa mzima unasikia. Mimi simwezi. Kwa hiyo tangu kijana aondoke, jua mama analiona dirishani tu.

Kila mara alimwomba kaka. "Mwite mtoto arudi."

Na kila mara kaka alijibu vilevile. "Mama, jina hilo lisitajwe humu ndani."

Mwishowe mama akanyamaza. Akawa anashinda chumbani akisikiliza redio kwenye tableti aliyoachiwa na mjukuu wake.

Haya, turudi vitani.

Pale mchezoni uliibuka ukoo mpya, Siafu. Mkuu wao alijiita Kiberiti. Walikuwa wachache, ngazi za chini, hawana hata farasi wa maana, lakini wanauma! Wanakuvizia ukitoka sokoni na dawa zako. Wanakukuta porini unapambana na dubu, wanakusubiri ubaki na damu kidogo, kisha wanakumalizia.

Kiberiti kila akiniangusha aliandika maneno mawili tu: "Pole shangazi."

Shangazi! Mimi! Jinsi nilivyokuwa najiona bado mbichi, mtu ananizeesha mbele ya dunia nzima. Nilikuwa namchukia huyo kiumbe kuliko kodi ya pango.

Siku moja akaandika kwenye ubao wa wote, ule unaosomwa na kila mchezaji popote alipo: "Jemedari, ngome yako ina bawaba dhaifu."

Kaka alikuwa anakunywa chai. Aliweka kikombe mezani polepole. Shingo ilimvimba. Nikajua neno hilo limemtonesha palepale palipokuwa na kidonda, ila nikasema ni bahati mbaya tu, kila lango lina bawaba.

Kaka akajibu, akigonga kibodi kwa vidole viwili kama anapigilia misumari:

"Kiberiti, siku utakayotia mguu ndani ya ngome hii nikiwa hai, nitakufungulia geti la nyumbani kwangu kwa mkono wangu mwenyewe, uingie ulale."

Watu wa Nyundo wakashangilia mpaka ubao ukajaa. Wengine wakapiga picha maneno hayo wakayatunza. Jemedari kasema!

Kwa kweli tulikuwa na haki ya kujivuna. Ngome yetu ilikuwa haijawahi kuanguka, na sababu ilikuwa mtu mmoja, tabibu wetu.

Aliitwa Mwali.

Wasiojua hudhani wanaoshinda vita ni wenye mapanga. Thubutu! Anayeshinda ni tabibu, yule anayesimama nyuma akikurudishia damu wakati wenzako wote wameshakukatia tamaa. Na Mwali alikuwa tabibu haswa. Hakusema kwa sauti hata siku moja, alituandikia kwamba kipaza sauti chake ni kibovu. Lakini kuandika! Sisi tunaandika "ckia" na "xaxa", yeye anaandika kama barua ya ofisi, herufi kubwa mwanzoni, mkato mahali pake, nukta mwishoni, na haraka kuliko wote.

"Sindano, rudi nyuma. Damu yako imepungua."

"Jemedari, punguza hasira. Unaacha upande wa kushoto wazi."

Na saa yoyote ukiingia, yupo. Asubuhi yupo, mchana yupo. Kwa hiyo kaka alimpa mamlaka ya lango. Watu wenye mamlaka hayo tulikuwa watatu tu: kaka, mimi na yeye.

Kulikuwa na mwenzetu mmoja, mlinzi wa ghala huko anakojua mwenyewe, tuliyemwita Sikio kwa sababu ya umbea. Huyo alikuwa kampenda Mwali mpaka anaumwa. Kila siku anamtumia maua ya mchezoni. Mwali akamjibu, "Asante kwa maua. Tafuta wa rika lako, mwanangu."

Sikio akadhani anaambiwa ngazi yake ni ndogo. Akajifungia kuua ngiri mpaka macho yakawa mekundu.

Ikafika Jumapili ya kuzingirwa.

Siafu walijipanga chini ya ukuta. Ukiwahesabu unacheka. Nilikuwa juu ya ukuta na ngao yangu ya fedha, ngao niliyoihangaikia muda ambao ningeweza kusoma chuo nikamaliza. Kaka alikuwa ukumbini kwenye jiwe la enzi; anayelishika hilo ndiye mwenye ngome. Mwali alikuwa kwenye lango, mahali pake pa siku zote.

Nikaandika, "Leo tunawachoma hao wadudu."

Ndipo lango likafunguka.

"Nani kafungua? NANI KAFUNGUA?" Kaka alipayuka sebuleni, akaandika na huku anapayuka.

Mimi nilidhani ni hitilafu. Nikashuka mbio kulifunga. Nikamkuta Mwali amesimama pembeni, ameegemea ukuta, wala haponyi mtu. Nikamwandikia, "Mwali, funga!" Kimya. "Mwali, napigwa!" Kimya.

Nilianguka mita chache tu kutoka miguuni pake. Ngao ikadondoka. Siafu mmoja akaiokota.

Kiberiti alipita katikati ya vita bila kumgusa mtu. Aliingia ukumbini, akamkuta kaka bado mzima, akasimama mbele yake. Hakutukana. Aliandika neno moja.

"Nimeingia."

Halafu wenzake wakammaliza kaka, wakashika jiwe, na nembo ya Nyundo ikashushwa kutoka juu ya mnara. Pale chini ya kioo kumbukumbu ya ngome ikajiandika yenyewe: Lango limefunguliwa na Mwali.

Kaka alirusha kikombe. Kilipiga ukuta, chai ikatiririka juu ya kalenda. Mama akaita kutoka chumbani, "Kuna nini huko?"

"Hakuna kitu, mama!" tukajibu kwa pamoja.

Kikulacho ki nguoni mwako. Nilikuwa naisikia hii tangu utotoni, siku hiyo ndiyo nikaielewa.

Nilimfuata Mwali kwenye ujumbe wa faragha. Nikampa vidonge vyake vyote, asubuhi, mchana na jioni. Nilimwita nyoka. Nilimwita kigeugeu, msaliti, mwanamke asiye na haya. Nikamwita na mengine ambayo siyaandiki hapa kwa sababu kuna watoto. Mwisho nikaandika, "Kwani mama yako hakukufunza?"

Akajibu, na nukta zake zote mahali pake:

"Mama yangu alinifunza vizuri. Labda mimi ndiye ambaye sikuwafunza vizuri wangu."

Hata kuelewa sikuelewa. Nikamwongezea matusi mengine.

Kesho yake asubuhi Sikio akaleta picha. Alikuwa na mtu wake ndani ya Siafu, na mtu huyo alinasa maongezi ya Mwali na Kiberiti. Nayaweka hapa yalivyokuwa.

Kiberiti: "Mke wangu, umeamkaje?"

Mwali: "Salama, mume wangu. Mgongo tu."

Kiberiti: "Nimekukumbuka sana mke wangu."

Mwali: "Vumilia. Jumapili nitakufungulia."

Jamani, kimenuka!

Ukoo mzima ulilipuka. Kumbe tabibu wetu ni mke wa adui! Kumbe kwa siku zote hizo tunalala kitanda kimoja na Siafu! Sikio ndiye aliyekuwa na hali mbaya zaidi. Aliandika, "Mke wa mtu. Mimi nilikuwa natuma maua kwa mke wa mtu." Akarudia hivyo mpaka tukamwomba apumzike.

Kaka alifunga karakana mchana kweupe, kitu ambacho hafanyi hata akiumwa. Akatangaza baraza. Nyundo wote wakakusanyika kwenye uwanja wa mji, na nje ya duara wakaja watu wa koo nyingine kuangalia, maana watu na ugomvi wa wenzao tena.

Mwali akaja. Hakukimbia. Alikuja akitembea, akakaa chini katikati.

Nilikuwa nimekaa nyuma ya kompyuta yangu, meno yameumana. Nilitaka kumwona analia.

Kaka akaandika, "Mwali, lango ulifungua wewe. Kweli au si kweli?"

"Kweli."

"Kwa nini?"

"Nilikuwa namngoja mume wangu."

Ubao ulichafuka. Matusi yalipita haraka kuliko jicho. Sikio akaandika kwa herufi kubwa tupu, "KWA HIYO KIBERITI NI MUMEO KABISA?"

Mwali akajibu, "Ni wa pili. Wa kwanza alikuwa babu yake."

Niliisoma mara ya kwanza nikaona anatuchezea. Niliisoma tena, kitu kikaanza kunitambaa mgongoni.

Kaka hakufikiri. Kaka akikasirika hafikiri. Akaandika, "Babu yake ni nani?" akabonyeza kwa nguvu.

Jibu halikutokea kwenye kioo. Lilitokea koridoni.

"Baba yako!"

Tulitazamana juu ya zile kompyuta. Sijui nani alisimama wa kwanza. Najua tulibanana mlangoni kwa mama kama watoto walioitwa kuchapwa.

Alikuwa amekaa kitandani, mito miwili mgongoni, miwani puani, tableti magotini. Kwenye kioo chake, katikati ya uwanja wa mji, Mwali alikuwa amekaa chini amezungukwa na watu wetu.

"Funga mdomo," aliniambia. "Inzi wataingia."

Mama yetu alikuwa karani mpiga chapa maisha yake yote ya kazi. Nukta zile! Mikato ile! Na mimi niliyekulia nyumba ambayo bibi alikuwa anamwita kaka "mume wangu", na kunisuta mimi "mke mwenzangu unaninyang'anya mume", nikasoma "mke wangu" na "mume wangu" nikaona mapenzi ya wizi! Kila bibi anamtania hivyo mjukuu wake. Ukoo mzima wa watu wazima, na hakuna hata mmoja aliyekumbuka bibi yake.

Nilikasirika. Nisiwadanganye kwamba nililia.

"Mama! Umetusaliti! Ngao yangu imechukuliwa!"

"Na matusi yako nimeyasoma yote," alisema. "Lile la nyoka nimelisamehe. Lile jingine tutaongea."

Kaka alikuwa bado mlangoni. "Kiberiti ni... ni yule?"

"Ni mwanao. Ana jina, ila umelikataza."

"Mama, kwa nini ufanye hivi?"

Mama akavua miwani. "Nimekuomba kwa mdomo umekataa. Nikaona maneno yangu huyasikii ila yakitoka kwenye hicho kioo chako. Nikajiunga na ukoo wako, nikakuponya vidonda. Nikakwambia punguza hasira. Kule ulinisikiliza, Jemedari. Huku mimi ni bibi kizee wa chumba cha koridoni."

Kaka akatazama chini.

"Halafu ukaandika mwenyewe mbele ya dunia nzima. Kiberiti akitia mguu ndani ya ngome yako ukiwa hai, unamfungulia geti la nyumbani kwa mkono wako. Ametia mguu. Ulikuwa hai. Aliandika ili uone. Fungua geti."

"Mama, ule ni mchezo tu."

"Na kikombe ulichovunja jana kilikuwa cha mchezoni?"

"Niliropoka, mama. Nilikuwa na hasira."

"Nimepiga chapa maneno ya mabosi miaka na miaka. Hakuna hata mmoja aliyerudi kuniambia aliropoka. Ahadi ni deni."

Kaka akaanza, "Yule kijana alinidhalilisha mbele ya—"

Hapo mimi nikapasuka. Hasira zote nilizokuwa nimemwekea Mwali, nilizokuwa nimemwekea Kiberiti, zilikata kona zikaenda kwa mwenyewe.

"Bawaba!" nilimpigia kelele. "Kaka, ni bawaba! Mtoto kasema bawaba ni dhaifu! Kwa hiyo mama akae gizani, kwa hiyo mimi niuawe porini kila siku na mtoto niliyembeba mgongoni, ukoo mzima uvunjike, ngao yangu iende, sababu vipande viwili vya chuma? Zilikuwa dhaifu au hazikuwa dhaifu?"

Akajifuta mikono kwenye suruali.

"Nakuuliza kaka. Wewe ni fundi. Zilikuwa dhaifu?"

"Zilikuwa dhaifu," alisema.

"Sasa?"

Aligeuka akatoka. Tulisikia mlango wa karakana unafunguliwa. Kisha grainda ikaanza kulia, ile sauti ya kukata chuma, kwa muda mrefu. Nilitaka kumfuata nikamalizie yaliyobaki. Mama akanishika mkono.

"Mwache. Huyo hajui kuomba radhi kwa mdomo, baba yake alikuwa hivyohivyo."

Akavaa miwani akaandika. Nilisoma juu ya bega lake: "Mume wangu, njoo nyumbani. Usipige hodi, subiri ufunguliwe."

Alikuja jua likiwa bado juu ya paa za jirani. Nilimwona kupitia dirisha la baraza, amesimama nje ya geti na begi dogo, amekonda. Nilitaka kukimbia nimkumbatie, na nilitaka nimzabe kofi. Nilibaki na vyote viwili palepale dirishani.

Kaka akatoka karakanani, suruali imejaa vumbi la chuma. Alifungua kufuli. Akavuta geti, na geti halikulia kama lilivyozoea kulia. Lilikwenda laini.

Walisimama wanatazamana. Baba mtu alipiga geti kofi mara moja, kwenye bawaba.

"Nimebadilisha," alisema.

Kijana akainama akaangalia. Akapitisha kidole kwenye mshono wa kuchomelea ambao ulikuwa bado una joto. "Hizi zitabeba, baba," alisema. "Shikamoo."

"Marahaba. Pita ndani. Bibi yako anakusubiri."

Hayo tu. Kama mlitegemea machozi na magoti, tafuteni simulizi nyingine.

Kijana alimbeba mama kama alivyokuwa akimbeba, mkono mmoja chini ya magoti, mwingine kwapani, akamweka kwenye kiti nje ya karakana. Mama akageuza uso juani akafumba macho. Hakupiga ukelele hata kidogo.

Nikamfuata yule kijana. "Ngao yangu iko wapi?"

"Shangazi..."

"Usiniite shangazi!"

"Sasa nikuiteje na wewe ni shangazi yangu?"

"Ngao!"

"Tuliiyeyusha tukatengeneza panga."

Nilivua kiatu. Alikimbia kuzunguka kiti cha mama, na mama anacheka mpaka nyonga inamuuma, na kaka kule mlangoni anajifanya anapanga vyuma.

Lakini vita vilikuwa havijaisha. Kompyuta sebuleni zilikuwa bado zinawaka, na Nyundo walikuwa bado uwanjani wanadai hukumu. Sheria ya ukoo niliitunga mimi mwenyewe kwa mdomo wangu huu: anayefungulia adui lango anafukuzwa, na jina lake halirudi. Wanaoweza kufukuza ni mkuu na naibu. Mkuu aliniambia, "Mimi siwezi," akarudi kwenye vyuma vyake.

Nikaja kwa mama. Nilikuwa nimevimba. "Wanataka ufukuzwe. Nawaambia wewe ni mama yangu, waende zao."

"Usithubutu," alisema bila kufungua macho. "Wengine wamepoteza mali zao kwa sababu yangu, sio wewe peke yako. Ukinipendelea, huo si ukoo tena. Fukuza."

"Mama..."

"Nimekwambia fukuza. Lakini yule kijana wa maua umpe pole yangu. Ana moyo mzuri."

Nikarudi ndani. Nikalitafuta jina la Mwali kwenye orodha, nikaweka kidole juu ya kitufe. Nimeua watu wengi kwenye mchezo ule na sijawahi kusita. Pale nilisita. Halafu nikabonyeza.

Nje, tableti ikalia.

Mama akaiinua usawa wa macho, akasoma kwa sauti kama anasoma barua ya ofisini. "Mwali ameondolewa kwenye ukoo."

Akaishusha mapajani. Akamtazama mjukuu aliyekuwa amekaa chini karibu na miguu yake, akamtazama kaka, akanitazama na mimi niliyekuwa nimesimama mlangoni na sura yangu ya kisirani.

"Haya," alisema. "Ukoo wa kule nimetolewa. Wa huku umerudi."

Akalirudishia jua uso wake.

Watu wananiuliza kama hasira zimekwisha. Hazijakwisha. Ngao ile siipati tena, na Siafu bado wamekalia ngome yetu, na huyo mtoto analala chumba cha pili kutoka changu na bado ananiangusha porini.

Lakini nikuambie wewe uliyefika hapa. Kama kuna mtu umemfungia nje kwa neno moja alilokuambia, na neno lenyewe lilikuwa la kweli, mfungulie leo kwa hiari yako. Ukikaidi, kuna mtu humohumo ndani ambaye anakupenda na amechoka kukubembeleza. Huyo akiamua kupigana na wewe, hushindi.